Mkate Wenye Jina Langu

Neema,

Koti sijui kama umefungasha, na kama hukufungasha baridi ya milimani itakufunza kuliko mimi. Mambo ya pasipoti na dawa za tumbo siandiki. Una miaka kumi na tisa na mdomo wa miaka arobaini, hayo utayamaliza mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili hatusemezani, na kesho asubuhi nitasimama pale mlangoni kama gogo, nijijuavyo, nitakuuliza kama umekunywa chai, basi, utakuwa umeondoka.

Sasa hivi ni mchana. Nimeomba ruhusa kazini, wazee wangu leo wataogeshwa na mtu mwingine. Wewe umekwenda Thorncliffe kuwaaga rafiki zako. Sanduku lako jekundu liko kwenye korido na nimeshalipiga teke mara mbili, moja bila kukusudia.

Soma kwa sauti. Ukisoma kwa macho tu Kiswahili kitakushinda, maana chako ni cha kusikia, kujibu unajibu kwa Kiingereza. Una safari ndefu ya ndege, una muda.

Basi, tuanze na Jumapili, kwani hutaki niisahau. Wamama wa kanisa wamepika sombe ya majani ya muhogo, wamepika samaki, ukumbi umejaa, mchungaji amekuombea safari njema. Anakupa kipaza sauti umshukuru mama yako. Na wewe, mbele ya watu wote, unasema kwa Kiingereza kwamba unakwenda Ekwado kwa mama yako. Kwamba ulipokuwa na miaka saba mimi nilikuambia mwanamke aliyekulea amekuchoka, na mwezi uliopita umempata kwenye simu, na amekuambia hajakuchoka hata siku moja. Ukanigeukia: kwa nini ulinidanganya? Waliojua Kiingereza wakatazama sahani zao. Wasiojua wakapiga makofi. Mama yangu wee! Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikasubiri basi pale Weston Road na bakuli la sombe mkononi, mvua inaninyeshea. Na uliporudi nyumbani ukaniongezea la pili, safari hii kwa Kiswahili, ili liniingie vizuri. Ukasema: sirudi.

Nakujibu. Lakini usitegemee nikujie kwa magoti.

Mimi nilikuwa msichana kama wewe lava ya mlima Nyiragongo iliposhuka Goma. Ilipita katikati ya mtaa wetu, ikameza nyumba ya babu yako na mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma, na baada ya siku chache watu walikuwa wanatembea juu yake ingali na moto, kandambili zinayeyuka miguuni. Tulijenga tena pale pale, juu ya jiwe lile lile. Watu wa Goma ndivyo tulivyo, mlima ukitupiga tunaugeuza ukuta wa choo. Mlima haukunifukuza kwetu. Lava inapoa. Wenye bunduki ndio hawapoi. Baba yako walimuua ukiwa bado tumboni, hilo unalijua, na baada ya mazishi mjomba wangu akaniambia kuna nchi Amerika ya Kusini haiombi viza, hiyo Ekwado yako. Sikuwa nimelisikia hata jina lake. Niliuza kiwanja chenye jiwe lake nikaondoka na tumbo langu.

Nilishuka Quito nikakosa pumzi. Nilidhani ni majonzi, kumbe ni mwinuko wa mji, uko juu kule karibu na mawingu. Mtu akaniambia niende Baños, mji wa watalii, hoteli zinatafuta wa kufua mashuka. Nikafika usiku, nikapanga chumba, na asubuhi nikafungua dirisha nikaona mlima mbele yangu unatoa moshi. Neema, nilicheka hadi mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Nimekimbia chini ya Nyiragongo, nimevuka bahari nzima, kumbe nimekuja kwa dada yake!

Huyo aliyegonga mlango ndiye Mercedes. Mjane, hana mtoto, mfupi, mikono imejaa misuli kama ya mchukuzi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvuta peremende ya miwa. Utawaona, wamejipanga mtaa mzima, wanaitupa kwenye kigingi cha mlangoni na kuivuta, wanairudisha na kuivuta, mpaka inageuka rangi ya dhahabu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mlima ule wanauita Mama. Ukinguruma na vioo kutikisika, wanasema Mama ameamka vibaya. Ukimwaga majivu juu ya mashuka yangu yaliyoanikwa, wanasema pole, Mama anapika, wanapanda kufagia mabati, nami naanza kufua upya. Nilimwuliza, mama gani huyu anayewamwagia moto watoto wake? Akanijibu bila kuinua kichwa: mama wote.

Sitaki kumsifu, lakini nitakuambia ukweli wa mji ule, ili usijifanye mgeni. Kabla hakujakucha watu wanakwenda kwenye maji ya moto yanayotoka chini ya mlima, maji ya njano, yananuka chuma. Polisi yumo, mzee yumo, muuza vitunguu yumo, na kila anayeingia anawasalimia wote. Ukimpita mtu anakula, hata humjui, unamtakia chakula chema. Usipite kimya kama unavyopita hapa kwenye lifti na masikio yako yameziba kwa muziki. Na jikoni kwa Mercedes utakuta simbilisi wanakimbia chini ya meza na kupiga kelele wakisikia majani, kama jikoni kwa bibi yako kabisa. Wewe ulijifunza kutambaa kati yao.

Ulizaliwa kwenye kitanda chake. Alikuwa mama yako wa ubatizo, na kule hilo si jambo la siku moja kanisani na picha. Anayekushikia mtoto kwenye maji anakuwa ndugu yako mpaka kufa. Mimi na yeye tuliitana komadre. Tulikula sahani moja.

Kisha karatasi zangu zikakataliwa. Wewe uliyezaliwa pale ulikuwa na haki ya kukaa, mimi sikuwa nayo. Wenzangu walikuwa wanaondoka kwenda kaskazini kwa miguu, wanapita msituni, na habari zilizorudi zilikuwa za watoto waliochukuliwa na mto mikononi mwa mama zao. Ulikuwa na miaka mitatu. Mercedes akaniambia, mwache kwangu, mimi sitakuuliza kitu. Nikaondoka kabla hujaamka. Watu walinishauri kwamba mtoto huagwa akiwa amelala. Walionishauri walikuwa waoga kama mimi.

Kwa hilo siombi msamaha. Kwenye njia ile nilipita viatu vya watoto na sikuona watoto. Ningekubeba, leo hungekuwa na mdomo wa kunisema.

Sasa sikiliza kosa langu, na si lile unalolidhani.

Nilifika hapa Toronto. Nililala kwenye chumba cha chini ya ardhi na wamama wengine wanne, nikasafisha ofisi, nikaugua kifua, nikashindwa kesi ya ukimbizi, nikakata rufaa. Na sikupiga simu. Namba nilikuwa nayo kichwani, mpaka leo ninayo. Nilijiambia, nitapiga nikipata cha kutuma. Kwetu mkono mtupu haulambwi. Utampigiaje mtu anayekulelea mtoto, umwambie nini, kwamba huku kuna baridi? Atasema, mimi namlishia mwanawe, yeye ananitumia maneno. Mwezi ujao nitapiga. Mwezi ujao ukaja na homa yake, na kodi yake, na aibu ikanenepa. Usinione mimi peke yangu. Waulize wale wamama waliokupigia makofi Jumapili. Nusu yao wana ndugu Goma na Uvira wanaodhani hawa wa huku wamekufa, na hawajafa, wanaona aibu tu.

Na hata nilipopata karatasi sikupiga. Hapo ndipo penye ujinga wenyewe. Nilitaka niingie mlangoni na sanduku, watu washangae. Nilikununulia viatu vyekundu vya kung'aa, kwa mguu niliokuwa naukumbuka.

Nilifika Baños mchana wa siku yao ya wafu, mwezi wa Novemba. Mlangoni kwa Mercedes kuna kufuli. Jirani aliponiona alijishika kifua, akanyoosha kidole kuelekea makaburini. Nikaenda na sanduku langu. Ile siku unaijua, wanaoka mikate yenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo, wanaichora uso na vifungo kwa sukari ya rangi, wanakwenda kula makaburini na uji wa zambarau, ili marehemu naye ashiriki. Makaburi yote yamejaa familia, watu wanakula, watoto wanakimbizana. Na pale pembeni, palipokuwa na msalaba tu wa mti na hakuna kaburi, mmeketi wewe na yeye. Mkate uko mapajani mwako. Ulikuwa umeanza na kichwa. Na kifuani pa mkate, kwa sukari nyeupe, nikasoma jina langu.

Mercedes akainua macho akaniona. Bilauri ya uji ikamtoka, ikamlowesha aproni. Akajipiga msalaba. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, akafungua mikono, akasema, komadre, kaa, kaa hapa, uumalize mkate wako mwenyewe, tule wote halafu tucheke.

Mwanamke mwingine angekaa. Ingekuwa hadithi ya kuchekesha mpaka leo, tungeisimulia kanisani. Mimi nilikuwa nimevuka msitu nimelala kwenye matope kwa ajili yako, na nakukuta umeninenepea unanitafuna. Nikasimama pale pale nikamwita mchawi. Nilimwita mwizi wa watoto, mbele ya wafu wao wote. Nikakushika mkono. Uliniuma, hapa kwenye kidole gumba, alama umeiona mara ngapi na hujauliza. Nikakupiga kofi watu wanaona. Nikakuvalisha vile viatu, vikakataa kuingia, nikavisukumiza kisigino kwa nguvu ukatembea navyo hivyo hivyo mpaka stendi.

Mercedes hakukuambia kila kitu kwenye simu, kwa sababu ana adabu. Mimi sina, nitakuambia. Alikimbia nyuma ya basi mpaka darajani, na aproni yake ya zambarau, anaita jina lako. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa dirishani makusudi, wewe nikakuweka upande wa ndani usione. Ukaniuliza, mamita, ndivyo ulivyomwita, anakuja lini? Nikakuambia, haji, amekuchoka, ndiye aliyeniita nikuchukue. Ukanyamaza papo hapo. Hukulia tena siku ile, wala kwenye ndege, wala hapa. Wamama wa kanisa wakanisifu, mtoto wako ni mtulivu! Nami nikafurahi. Nilidhani nimeshinda.

Unaniuliza kwa nini nilidanganya. Kwa sababu ulikuwa unampenda kuliko mimi na sikuwa na dawa nyingine. Ndiyo jibu lote. Nimelitafutia jibu zuri zaidi tangu Jumapili, sijalipata.

Kwetu Goma kuna kitu tunakiita mazuku. Ni hewa mbaya inatoka ardhini na kulala mabondeni. Haina rangi, haina harufu. Mtu mzima anapita amesimama, hana habari, anakwenda sokoni. Mbuzi anakufa. Mtoto aliyechuchumaa kucheza anakufa. Nilimwona mtoto wa jirani yetu amelala hivyo kwenye nyasi, tukadhani anasinzia. Kimya changu kilikuwa kama hicho. Nilibadili namba, nikakukataza Kihispania, ulipotaja jina lake nikakuambia kula chakula chako. Mimi nilikuwa nimesimama, nikaendelea na kazi. Wewe ndiye uliyekuwa chini.

Lakini usiende kule ukidhani wewe ni malaika na mimi tu ndiye shetani. Kuna jambo moja nimekuficha, na hili nililificha kwa huruma, na huruma yenyewe imeniisha Jumapili. Pale makaburini, nilipokuwa natukana, Mercedes aliniambia neno. Alisema majirani walimshauri anioke tangu mwaka wa kwanza, na akakataa. Mwaka wa pili akakataa. Wa tatu wakamwambia unamfanya mtoto angoje bure, akawafukuza kwa mwiko. Mwaka ule wa nne ni wewe. Watoto wa mtaa wote walikuwa na wafu wao wa kuwapelekea mkate, wewe huna, ukalia siku mbili. Ukamwambia, wangu naye amekufa, mwoke. Yeye hakunizika, Neema. Ulinizika wewe. Nilimwambia ni mwongo, lakini nilijua anasema kweli, kwa sababu ulikuwa bado umeushika ule mkate kwa mikono miwili, unaona raha kabisa.

Sikulaumu. Mtoto anachoka kungoja. Afadhali mama aliyekufa kuliko mama asiyepiga simu, aliyekufa angalau ana sababu. Nimekuambia ili uwe na lako la kubeba, nisibebe peke yangu. Ni ukatili, najua. Mlima ule hawauiti Mama kwa bahati mbaya.

Wamama wananipigia tangu Jumapili kunifariji, wananiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hiyo wanaitaja. Nyingine hawaitaji mbele yangu, ile ya kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wanadhani siijui.

Sasa la kutorudi. Nataka urudi. Nimeliandika, sitalirudia, na kesho mlangoni ukiniuliza nitakataa. Lakini ukiona pale ndipo kwako, kaa. Sitakuja kukuvuta mkono tena, na wewe meno yako sasa yamekomaa.

Ninachokuogopea ni kingine. Utafika na Kihispania chako kimeoza. Mercedes atakuwa amezeeka, macho yamemfifia, si yule unayemwota. Utalia chooni. Labda mtagombana mwezi wa kwanza, maana ulimwacha una miaka saba na unamrudia una kiburi. Na hapo nakujua utafanya nini, hukuokotwa, umetoka kwangu. Utanyamaza. Utasema, nitampigia yule mama nikishatulia, nikipata kazi, nikiwa na la kumwonyesha, asije akanicheka. Mwezi ujao. Na mimi hapa nitakuwa naogesha wazee wa watu, simu iko mfukoni, haiiti.

Usingoje. Piga ukiwa huna kitu. Piga ukiwa umeshindwa, piga unitukane, piga halafu usiseme neno, nitakusikia unapumua. Mercedes alivumilia Novemba tatu bila kuoka. Mimi hata moja sitaweza, nitaoka wiki ya pili, na kuoka kwenyewe sijui.

Hapa watu wametundika mafuvu ya plastiki kwenye baraza zao, wanachezea kifo na pipi. Wewe utafika kule siku chache kabla ya siku yenyewe, nadhani ulipanga hivyo. Mtaoka. Msaidie kukanda, mikono yake siku hizi itakuwa inauma. Mtakwenda makaburini, na msalaba wangu wa mti kama haujaoza utaukuta pale pembeni. Mkae. Mle.

Na umwambie mama yako Mercedes kwamba yule marehemu wake bado hajala. Amwekee kipande.

Niliyekuzaa,
Mama Neema